Uwashe, Usiwashe

Kiswahili chetu kina silabi moja ndogo ambayo, kwa maoni yangu, imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko nyingine zote. Silabi hiyo ni "si". Mtu akimwambia mwenzake "uwashe mashine", amempa ruhusa. Akimwambia "usiwashe mashine", amemkataza. Kati ya ruhusa na katazo hakuna kitu kingine ila herufi mbili zilizochomekwa ndani ya neno. Katika karatasi herufi hizo huonekana waziwazi. Katika mazungumzo ya ana kwa ana husikika vizuri, tena uso wa msemaji na mkono wake huzisaidia. Lakini sauti ikipitishwa katika waya, na waya huo ukapita jirani na mota, jenereta na mashine za kuchomelea vyuma, silabi hii ndiyo hupotea kabla ya nyingine.

Mimi si fundi wa umeme. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu. Maisha yangu ya kazi niliyatumia katika kufundisha watu kusikia na kuandika. Hata hivyo, ndugu msomaji, naomba uniruhusu nieleze katika kurasa hizi jinsi binadamu walivyojifunza kusafirisha sauti katika waya pasipo kuichafua, kwa sababu nimekuja kuona kwamba kazi yao na kazi yangu zilikuwa kazi moja.

Hirbadaw, nilikofundisha kwa miaka mingi, ni kata ya wilaya ya Hanang, katika mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya wafugaji na wakulima. Mtoto alikuja darasa la kwanza akiwa na Kidatooga au Kiiraqw, na wengine Kinyaturu, na Kiswahili alikikuta kwetu. Kwa hiyo sisi walimu tulitegemea sana imla. Mwalimu anasoma sentensi, mtoto anaandika anachosikia. Hakuna mtihani unaofichua sikio la mtoto kama huo.

Katika imla niligundua jambo ambalo chuoni sikufundishwa. Siku tulivu, darasa zima liliandika "usifunge mlango" kama nilivyosoma. Siku ya mvua kubwa juu ya bati, au siku za upepo wetu ule unaotikisa mabati kutwa nzima, madaftari mengi yalileta "ufunge mlango". Watoto hawakuwa wajinga, na sentensi waliyoandika ilikuwa Kiswahili sahihi kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo. Neno likiharibika hadi kuwa upuuzi, msikilizaji hushtuka na kuuliza. Likiharibika likabaki neno zuri lenye maana ya kinyume, msikilizaji huandika bila wasiwasi na kuendelea na sentensi inayofuata.

Nilijaribu kupaza sauti kushinda mvua. Haikusaidia sana, kwani irabu ndizo zinazopazika. Ukipiga kelele, "u" na "e" zinakuwa kubwa, lakini "s" inabaki mluzi mwembamba uleule wa hewa kati ya ulimi na meno. Mwalimu anaweza kukauka koo na bado "si" yake isivuke dawati la tatu.

Sasa tuitazame historia ya waya. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya zamani ni waya. Basi tunaposema "kupiga simu" tunakumbuka, bila kujua, zama ambazo mtu aligonga swichi ili kupeleka alama katika waya. Waya wa namna hiyo ulifika Unguja mwaka 1879, ukipitishwa chini ya bahari kutoka Aden, kisha ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Bara nako, reli ya kati ilipojengwa kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 1905 hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, nguzo za nyaya zilikwenda sambamba nayo.

Simu ya alama, yaani telegrafu, ilihitaji waya mmoja tu. Umeme lazima uende na urudi, lakini mwaka 1838 Mjerumani aitwaye Carl August von Steinheil alionyesha kwamba safari ya kurudi inaweza kupita ardhini. Chomeka chuma ardhini huku, chomeka kingine kule, na ardhi yenyewe inakuwa waya wa pili. Jambo hilo lilipunguza gharama kwa nusu, na kwa telegrafu lilitosha. Alama za telegrafu ni mgongo mfupi na mgongo mrefu. Ni kama kupiga ngoma: hata kukiwa na makelele kidogo, ngoma inasikika.

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alifaulu kupitisha sauti ya mtu katika waya, na watu wakaanza kutumia waya mmoja na ardhi kwa sauti kama walivyozoea kwa alama. Hapo matatizo yakajitokeza. Ardhi ni njia ya kila mtu. Umeme wa telegrafu za jirani ulipita humohumo. Radi ya mbali ilisikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Miaka ya mwisho ya 1880, miji ya Marekani ilipoanza kutumia magari ya reli yanayoendeshwa kwa umeme mitaani, ambayo nayo yalirudisha umeme wake kupitia reli na ardhi, simu nyingi za miji hiyo zilijaa mvumo kiasi cha kutotumika.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1881 kijana wa kampuni ya simu ya Boston, John J. Carty, aliacha kutumia ardhi katika laini moja na badala yake akatumia nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Laini ikawa tulivu. Mwaka huohuo Bell alipewa hataza ya kuzisokota nyaya hizo mbili pamoja. Ilichukua miaka kadhaa kampuni kukubali gharama ya waya wa pili, lakini magari ya umeme yaliwalazimisha.

Kwa nini nyaya mbili zinyamazishe kelele ambayo waya mmoja unaibeba? Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye nitamzungumzia hivi punde, alinieleza kwa mfano wa punda, na sijapata mfano bora zaidi. Kwetu punda hubeba maji kwa madumu yaliyofungwa pande mbili. Mvua ikinyesha juu ya madumu yote mawili, punda analemewa zaidi kidogo, lakini hainami upande wowote. Ukiongeza maji katika dumu moja na kupunguza katika lile jingine, papo hapo anainama. Sasa fikiria kwamba aliyepo kule mwisho wa safari hatazami uzito wa mzigo. Anatazama tu punda anainamia upande gani. Huyo hataiona mvua kabisa. Ataona tofauti tu.

Ndivyo nyaya mbili zinavyofanya kazi. Sauti ya msemaji huingizwa kama tofauti: waya mmoja unapopanda, wa pili unashuka. Kelele ya mota huziangukia nyaya zote mbili kwa pamoja kama mvua. Kule mwisho huwekwa transfoma ndogo ambayo hupitisha tofauti tu. Kelele iliyoziangukia nyaya zote sawasawa haina tofauti, basi inaachwa mlangoni.

Lakini zingatia neno "sawasawa". Waya mmoja ukiwa karibu zaidi na mota kuliko mwenzake, utapata mvua nyingi zaidi, na punda atainama. Ndiyo maana nyaya husokotwa, ili kila mmoja awe karibu na mota kwa zamu, sentimita chache huu, sentimita chache ule. Katika laini za zamani za nguzoni, ambako nyaya hazikuweza kusokotwa, mafundi walizibadilishana nafasi kila baada ya nguzo kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Tena waya mmoja ukigusana na ardhi kwa sababu ya unyevu, au kiungo chake kikiota kutu na cha mwenzake kikabaki safi, usawa umevunjika na mvumo unarudi. Nguvu ya laini ya sauti haimo katika ukubwa wa sauti inayopitishwa. Imo katika usawa wa nyaya zake mbili.

Mwanafunzi niliyemtaja alimaliza darasa la saba kwetu katika miaka ya 1980, akasoma ufundi, akaajiriwa mbali na nyumbani katika kiwanda kimoja kikubwa ambacho sitakitaja. Kazi yake ilikuwa kutunza simu za ndani za kiwanda, ambazo wao huziita intakomu. Alipokuja likizo alipita nyumbani kunijulia hali. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Kazi inaendaje?" Tulikaa hadi jioni.

Alinieleza kwamba intakomu ya kiwandani haifanani na simu ya ofisini. Mahali palipo na makelele hakuna kengele inayosikika, kwa hiyo kila kituo kina spika yake na mkono wake wa simu, na vituo vyote vimefungwa katika kebo moja ndefu inayozunguka kiwanda. Ndani ya kebo kuna jozi moja ya nyaya kwa ajili ya kutangaza katika spika, na jozi nyingine, mara nyingi hadi tano, kwa ajili ya mazungumzo. Unabonyeza, unatangaza: "Fundi mitambo, laini ya tatu." Kiwanda kizima kinasikia. Aliyeitwa anakwenda kwenye kituo kilicho karibu naye, anachagua laini ya tatu, mnazungumza.

Kwa kuwa vituo vyote vinasukuma sauti katika jozi moja, laini inahitaji mzigo maalumu wa kuifanya itulie. Katika mfumo mmoja wa Kimarekani unaotumika sana viwandani, mzigo huo ni omu 33 kwa kila laini, nao huwekwa mahali pamoja tu katika mfumo mzima. Mzigo ukikosekana, sauti inakuwa kubwa mno na spika zinapiga yowe. Ikiwekwa mizigo miwili, sauti inagawanyika na kufifia. Kebo ikiwa ndefu sana nayo huongeza mzigo wake yenyewe, hivyo fundi hana budi kupima na kurekebisha mpaka jumla ifikie inavyotakiwa. Kazi hii mafundi huiita kusawazisha laini.

Katika kiwanda kile laini zilikuwa zimepoteza usawa taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kutambua. Sehemu mpya ilipojengwa, mtu alifunga mzigo wa pili huko na kuuacha ule wa kwanza. Sauti ikafifia. Kisha maji yakaingia katika kisanduku kimoja cha viungo, na waya mmoja wa jozi ukawa unavujisha umeme ardhini. Mvumo ukaingia, ule mvumo mzito wa umeme wa gridi, mizunguko 50 kwa sekunde, na juu yake mikwaruzo ya mashine za kuchomelea. Watu walifanya nini? Kila mmoja aliongeza sauti ya spika yake. Mvumo nao ukaongezeka kwa kiasi kilekile. Debe tupu haliachi kuvuma, na sasa walikuwa wamelipatia debe hilo spika katika kila kona.

Siku moja mkanda wa kusafirishia malighafi ulikwama, na fundi akaingia chini yake kutoa kilichokwamisha. Msimamizi alichukua mkono wa simu akamwambia mwendesha mitambo asiwashe mkanda wa pili, kwa maana mtu alikuwamo. Mwendesha mitambo siku hiyo alikuwa binti mmoja, kibarua, mwenye wiki chache tu kazini. Katika spika alisikia "uwashe mkanda wa pili", na maneno yaliyofuata yakamezwa na mkwaruzo.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Binti alisikia sentensi kamili, ya Kiswahili safi, kutoka kwa mkubwa wake wa kazi, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kila kitu kilimruhusu awashe. Yeye akauliza: "Rudia bosi, sijasikia vizuri." Msimamizi alimkemea kwa kumpotezea muda, lakini katika kukemea huko alisema kwa ukali kwamba mtu yumo ndani. Neno "mtu" lilipita. Binti akaondoa mkono.

Mwanafunzi wangu aliitwa baada ya hapo kutengeneza laini, na kazi ilimchukua siku kadhaa. Kwanza alitenganisha kila jozi na vituo vyake, akapima kila waya dhidi ya ardhi ili ajue upi unavuja. Ndipo akakifikia kile kisanduku chenye maji. Pili alilinganisha nyaya mbili za kila jozi, akasafisha viungo hadi ukinzani wa waya huu ukalingana na wa mwenzake. Tatu aliutafuta mzigo wa ziada, akauondoa, akarekebisha ule uliobaki. Nne aliingiza mlio mmoja usiobadilika kutoka kituo kimoja, akatembea kituo kwa kituo na mita yake kuona kama mlio unafika kwa nguvu ileile hadi kituo cha mwisho. Tano akasikiliza, mashine zote zikiwa zinafanya kazi, maana laini iliyo tulivu Jumapili haijathibitisha chochote. Mwisho kabisa ndipo alipogusa vitufe vya sauti vya spika, na karibu zote alizipunguza.

Nilimwuliza kama laini safi namna hiyo itapitisha "si" bila shaka. Alitabasamu, akaniambia kwamba hapo ndipo mwalimu wa lugha anapohitajika. Laini za simu, kwa desturi ya miaka mingi, hupitisha sauti za kati ya mizunguko 300 na 3,400 kwa sekunde. Irabu zote zinatosha humo. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya "s" iko juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo hata simu nzima isiyo na hitilafu hufikisha "s" ikiwa imekwisha kupunguzwa, kama mgeni aliyevuliwa koti mlangoni. Ongeza mvumo kidogo, na mgeni hayupo. Tena wengi huanza kusema kabla ya kubonyeza swichi sawasawa, basi silabi ya kwanza ya sentensi hukatwa. "Haijazimwa" hupoteza kichwa chake, na msikilizaji hubaki na mkia, "zimwa". Haya ndiyo madaftari yangu ya siku za mvua, ila hapa kosa haliandikwi kwa kalamu nyekundu.

Nimesoma kuhusu ajali moja iliyotokea mbali na kwetu, ambayo inafanana na jambo hili kwa namna ya kutisha. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika njia ya kurukia ndani ya ukungu, na watu 583 wakafa. Wale walikuwa wakitumia redio, si waya, lakini kiini ni kilekile. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mwongoza ndege alijibu sawa, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Wakati huohuo rubani wa Pan Am naye alizungumza kueleza kwamba bado wamo njiani, na sauti mbili zilipokutana katika masafa yaleyale zikageuka kuwa mluzi wa sekunde chache. Katika ndege ya KLM neno "sawa" lilisikika vizuri. Neno "subirini" likazamishwa. Ruhusa ilifika, katazo halikufika.

Lipo jambo la pili katika ajali ile ambalo linanigusa zaidi kama mtu aliyepata kuongoza wengine. Fundi wa ndege ya KLM alikuwa na shaka. Aliuliza kama ile ndege nyingine bado haijatoka njiani. Rubani wake, mtu mwenye cheo na sifa kubwa katika shirika, alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka, na swali likaishia hapo. Kule kiwandani kibarua wa wiki chache aliuliza, akakemewa, lakini jibu likatoka. Katika ndege ile mtu mzoefu aliuliza, na jibu alilopewa lilifunga mazungumzo.

Baada ya Tenerife wahusika wa usafiri wa anga walibadilisha lugha yao. Neno la Kiingereza la kuruka likawekewa mipaka: litumike tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa kweli au inapofutwa. Katika maneno mengine yote ya maandalizi litumike neno jingine, ili mtu asilisikie njiani akalidhania ruhusa. Tena anayepokea amri lazima arudie hewani sehemu zake muhimu, aliyeitoa asikie. Watu wa reli walikuwa na desturi hiyo tangu zamani: bwana stesheni aliyepokea amri ya treni kwa simu aliisoma tena yote kwa aliyempa kabla haijaanza kutumika.

Kiwanda cha mwanafunzi wangu, bila kusoma habari za ndege, kilifikia uamuzi uleule. Neno "usiwashe" lilipigwa marufuku katika intakomu. "Washa" linasemwa pale tu mtu anapotaka mashine iwake. Akitaka isiwake anasema "Simama" au "Zima", maneno ambayo hayana ndugu wa kinyume anayefanana nayo. Unabonyeza, unahesabu moja, ndipo unasema. Anayepokea anarudia. Na juu ya yote hayo, fundi anayeingia ndani ya mashine hufunga swichi kuu kwa kufuli lake na ufunguo anaingia nao mfukoni, kwa kuwa sauti, hata ikisawazishwa namna gani, haistahili kuwa mlinzi pekee wa maisha ya mtu.

Nimelifikiria sana neno "kusawazisha" tangu jioni ile. Kwa muda mrefu tulidhani kwamba mawasiliano yakiharibika dawa ni kuongeza nguvu: mwalimu apaze sauti, mkubwa akaripie, spika iongezwe. Historia ya waya inaonyesha kinyume chake. Kuanzia siku Carty alipoweka waya wa pili mwaka 1881, kila hatua ya maana ilikuwa hatua ya usawa: nyaya mbili zinazofanana, zilizosokotwa pamoja, zenye mzigo unaolingana. Nyingi za simu zetu za leo hazina waya hadi mkononi, na neno letu la Kiajemi limebaki na jina bila kitu chake. Lakini nenda katika ofisi yenye kompyuta ukachane kebo ya mtandao: utakuta jozi nne za nyaya, kila jozi imesokotwa, kama Bell alivyopendekeza.

Usawa wa nyaya ni kazi ya fundi. Ule wa watu wawili walioko pande mbili za waya hauna mita ya kuupima, nao ni kazi yetu sisi tuliopewa madaraka, yawe ya darasa, ya kiwanda au ya nyumba. Kuuliza si ujinga, wazee wetu walisema, lakini sisi wakubwa mara nyingi tumemfanya anayeuliza ajione mjinga. Mtoto anayenyanyua mkono wakati wa imla kusema "Mwalimu, rudia" hacheleweshi somo. Pengine ndiye peke yake, kati ya watoto arobaini, aliyetambua kwamba mvua imemeza kitu. Katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha niliweka kanuni kwamba kila sentensi ya imla isomwe mara mbili, na mtoto mmoja, yeyote yule, airudie kwa sauti kabla kalamu hazijagusa karatasi. Walimu vijana walilalamika kwamba tunapoteza dakika. Niliwaambia wazihesabu. Zilikuwa dakika nne.